Zawadi Isiyotoka Mkononi



Liko neno moja ambalo limevunja nyumba nyingi katika pwani yetu hii, nalo si tusi wala si talaka. Ni neno la mapenzi. Mzee amekaa barazani jioni, moyo wake umefurahi na mwanawe, akamwambia: "Nyumba hii ni yako, mwanangu." Basi, yakaishia hapo. Hakuandika, hakuita shahidi, hakutoka ndani ya nyumba, wala funguo hazikubadili mkono. Miaka ikapita, mzee akafariki. Kabla khitima haijasomwa, yule kijana anasema: nyumba ni yangu, baba alinipa. Ndugu zake wanasema: alikupa lini, na yeye ameishi humo mpaka siku ya kufa kwake? Mama yao mjane amekaa katikati, analia; akisema ndiyo amewaudhi hawa, akisema siyo amemuudhi yule.

Leo nataka tuitazame pamoja historia ya jambo hili: mzazi aliye hai kumpa mwanawe aliye mtu mzima nyumba, au fedha za kununulia nyumba. Utaona kwamba limewashughulisha masahaba wa Mtume (S.A.W.), na baada yao wanavyuoni, na mwisho wake wakusanya kodi na majaji wa London. Na wote hao, kila mmoja kwa njia yake, waliuliza suali moja: je, zawadi hii imetoka kweli, au ni jina tu?

SAYYIDNA ABUBAKAR NA BIBI AISHA

Ameipokea Imam Malik katika Muwatta khabari ya Sayyidna Abubakar (R.A.) na binti yake, Bibi Aisha (R.A.). Sayyidna Abubakar alimpa Bibi Aisha tende wasaki 20 katika mali yake iliyokuwa Ghaba, karibu na Madina. Na kila wasaki ni pishi 60, kwa hivyo jumla yake ni pishi 1,200. Haikuwa zawadi ndogo. Lakini zilikuwa bado ziko mtini; Bibi Aisha hakuzikata wala hakuzichukua.

Ulipofika mwaka wa 13 Hijriya, yaani mwaka 634 Miladia, Sayyidna Abubakar akashikwa na maradhi yaliyomuua. Akamwita binti yake akamwambia kwamba hapana mtu ambaye angependa zaidi awe na mali baada yake kuliko yeye, wala hapana ambaye ufukara wake ungemuumiza zaidi. Akamkumbusha zile tende. Akamwambia kwamba lau angalizikata akazichukua zingalikuwa zake, lakini leo ni mali ya warithi, nao ni ndugu zake wawili wanaume na dada zake wawili. Basi wagawane kama kilivyoamrisha Kitabu cha Mwenyezi Mungu.

Bibi Aisha akajibu kwamba hata ingalikuwa mali nyingi kuliko hiyo angaliiwacha. Lakini akauliza: dada yake anayemjua ni Asmaa tu, huyu wa pili ni nani? Akajibiwa kwamba ni yule aliyeko tumboni mwa mkewe, binti Kharija, na kwamba anadhani ni mtoto wa kike. Na kweli akazaliwa mtoto wa kike, naye ni Ummu Kulthum.

Tazama, ndugu yangu. Mtoaji ni Khalifa wa Mtume wa Mwenyezi Mungu. Anayepewa ni Mama wa Waumini. Nani angalisimama kumpinga? Na zawadi yenyewe ilikuwa imekwisha kutamkwa. Lakini haikutoka mkononi, na mtoaji sasa yumo katika maradhi ya mauti. Kwa hivyo akairudisha kwa warithi, hata kwa mtoto ambaye hajazaliwa. Haki ya mtoto aliye tumboni ilizidi nguvu kuliko ahadi ya baba kwa binti ampendaye.

Katika kitabu hicho hicho imo khabari ya Sayyidna Umar (R.A.), aliyewashangaa watu wanaowapa watoto wao vitu kisha wakavizuia wenyewe. Mtoto akifa, baba husema: mali yangu iko mkononi mwangu, sikumpa mtu. Na baba akijiona anakufa, husema: kitu hiki ni cha mwanangu, nilikwisha mpa zamani. Sayyidna Umar akahukumu kwamba zawadi ambayo aliyepewa hakuimiliki mkononi mpaka mtoaji amekufa, hiyo ni batili. Mzee wetu wa barazani alikwisha tajwa, basi, miaka zaidi ya 1,300 kabla hajazaliwa.

WAINGEREZA NA KODI YA MALI YA MAITI

Sasa tuvuke bahari. Naitaja Uingereza kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni wao waliotawala pwani yetu na kutuletea mahakama zao na kodi zao; kodi ya mali ya maiti waliyoiacha Kenya ilidumu hata baada ya uhuru, ikafutwa mwaka 1982. Ya pili, wengi katika watoto wetu leo wanaishi huko, wamezaa huko, na wao sasa ndio wazee wanaotaka kuwasaidia watoto wao kununua nyumba.

Mwaka 1894 Waziri wa Fedha wa Uingereza, Sir William Harcourt, aliweka kodi kubwa juu ya mali anayoiacha mtu akifa. Kiwango cha juu kabisa kilikuwa 8 katika kila 100. Kikazidi kupanda hata mwaka 1949 kikafika 80 katika kila 100 kwa matajiri wakubwa. Mtu mwenye akili akiona hivyo atafanya nini? Atawapa watoto wake mali kabla hajafa. Serikali nayo ililijua hilo mapema, hata kabla ya Harcourt. Sheria ya mwaka 1881 ilisema kwamba zawadi iliyotolewa katika miezi 3 ya mwisho wa maisha ya mtu itahisabiwa kuwa ni mali ya maiti na itatozwa kodi. Mwaka 1889 ikafanywa miezi 12. Mwaka 1910, wakati wa Lloyd George, ikawa miaka 3. Mwaka 1946 ikawa miaka 5. Mwaka 1968 ikawa miaka 7. Mwaka 1975 wakaibadili kodi yote, zikawa zawadi za uhai nazo zinahisabiwa. Kisha mwaka 1986 wakairudia ile hisabu ya miaka 7, na ndiyo iliyoko hata leo.

Chukua mfano. Mzee anayekaa Leicester anampa binti yake pauni 60,000 za kununulia nyumba. Akiishi miaka 7 baada ya siku ile, zawadi haitozwi kodi hiyo. Akifa kabla, pauni hizo zinarudishwa katika hisabu ya mali yake. Kodi yenyewe ni 40 katika kila 100, nayo kwa kawaida huanza baada ya pauni 325,000, kiwango kilichowekwa mwaka 2009. Zaidi ya hayo, kila mwaka mtu anaweza kutoa pauni 3,000 zisihisabiwe, na mtoto akioa au akiolewa mzazi anaweza kumpa pauni 5,000 vivyo hivyo. Na wanaokopesha fedha za nyumba huko humtaka mzazi atie saini barua ya kwamba fedha alizotoa ni zawadi, si deni, na kwamba yeye hana haki yoyote katika nyumba itakayonunuliwa. (Khabari ya mkopo wa riba ni mlango mwengine, na hukumu yake inajulikana.)

Lakini jambo lililonistaajabisha mimi si miaka wala pauni. Ni neno lililoingizwa katika ile sheria ya mwaka 1889. Ilisema kwamba zawadi, hata ikiwa ya zamani vipi, ikiwa aliyepewa hakuishika mara moja na kuitumia yeye, na mtoaji akatoka kabisa ndani yake, basi hiyo itatozwa kodi kama mali ya maiti. Kanuni hiyo ilirudishwa tena mwaka 1986. Mzee akimpa mwanawe nyumba kwa karatasi, kisha akaendelea kukaa humo bila ya kulipa kodi ya nyumba ya haki, hata ipite miaka 20, sheria yao inamwambia: wewe hukutoa kitu.

Kutoka kitanda cha mauti cha Sayyidna Abubakar mpaka sheria hiyo ni miaka 1,255. Wanasheria wale hawakuwa wakisoma Muwatta. Lakini mwanadamu ni yule yule, na hila yake ni ile ile; anataka aonekane ametoa na huku kitu chake kimebaki.

WAKFU WA WATOTO

Utaniuliza, msomaji: na wazee wetu je? Hawakuwa na njia yao ya kuwahifadhia watoto nyumba? Walikuwa nayo, nayo ni wakfu wa watoto. Mtu wa Lamu au Mombasa au Unguja huifanya nyumba yake wakfu: haiuzwi, hairithiwi, wanakaa ndani yake wanawe na wana wa wanawe, na kizazi kikikatika manufaa yake yanakwenda kwa maskini au msikiti. Na hapa pia lilikuwako lile sharti la kutoka mkononi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, mwenye kuweka wakfu hawezi kujiwekea nafsi yake fungu ndani yake.

Mwaka ule ule wa 1894, baraza kuu la rufaa la dola ya Kiingereza, lililoitwa Privy Council, lilihukumu kesi ya Waislamu wawili ndugu wa Bengal waliowawekea wakfu kizazi chao. Majaji wakasema kwamba maskini wametajwa mbali mno mwisho wa safu, wametajwa kwa jina tu, na kwamba huo si wakfu ila ni hila ya kuiweka mali katika ukoo. Wakaubatilisha. Waislamu wa India wakalalamika mpaka ikapatikana sheria ya mwaka 1913 ya kuuhalalisha wakfu wa namna hiyo. Aliyeipeleka katika Baraza ni Muhammad Ali Jinnah. Lakini sheria hiyo ilikuwa ya India, haikuivuka bahari. Kesi ya familia moja ya Mombasa ilipofika mbele ya baraza lile lile mwaka 1951, hukumu ya Bengal ndiyo iliyofuatwa, na wakfu wa Mombasa ukavunjwa. Ilibidi sheria ya Kenya ya Makamishna wa Wakfu ya mwaka 1951 iukubali waziwazi wakfu wa jamaa.

Majaji walikosea. Hawakujua kwamba katika dini yetu kumpa jamaa ni sadaka mara mbili, ni kutoa na ni kuunga udugu. Lakini na sisi tuseme kweli, kwani msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Wako waliotumia wakfu, na wako waliotumia hiba, ili kuwatoa binti zao katika haki waliyopewa na Mwenyezi Mungu. Huyo hakutoa kwa ajili ya Mungu. Amekimbia hukumu ya Mungu kwa kutumia jina la Mungu.

SUALI MOJA, KHOFU MBILI

Hapa ndipo ninapotaka usimame nami kidogo. Waingereza na sharia wameuliza suali moja, lakini hawakuliuliza kwa khofu moja. Wakusanya kodi wa London wanaogopa hazina ya serikali isidhulumiwe. Sharia inaogopa ndugu wasidhulumiwe. Kwa hivyo wale wanahisabu miaka: ukiishi siku moja zaidi ya miaka 7 umesalimika, hata kama umempa mmoja na kuwaacha watano. Sharia haihisabu miaka, inaangalia hali. Mtu akiwa mzima na akili zake, akatoa na akakabidhi leo, zawadi imetimia leo, hata akifa kesho kwa ajali. Lakini akiwa katika maradhi ya mauti, zawadi yake inakuwa kama wasia: haipiti thuluthi ya mali, na mrithi hapewi ila warithi wenziwe wakiridhia.

Na kuna khofu kubwa kuliko hiyo. Nu'man bin Bashir (R.A.) alipewa mtumwa na baba yake. Mama yake, Amra binti Rawaha, akasema hataridhika mpaka Mtume (S.A.W.) ashuhudie. Baba akaenda kwa Mtume. Mtume akamuuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wa hicho. Akasema la. Mtume akakataa kushuhudia, akamwamrisha amche Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake. Yule baba akarudi, akaitwaa zawadi yake. Wanavyuoni wetu wa Shafi wamesema kuwasawazisha watoto, wanaume na wanawake, katika zawadi ni sunna, na kumpendelea mmoja bila ya sababu ni makruhu. Na wa Hanbali wamesema uadilifu huo ni wajibu.

Hadithi hii nimeisomesha miaka mingi, na hapa sina budi kujitaja. Mwanangu mkubwa alipotaka kununua nyumba nilimpa fedha, si kidogo, kwani alikuwa na mke na watoto na alikuwa akihamahama katika nyumba za kupanga. Nikaona nimefanya vyema. Mwaka mmoja baadaye nikawa naisomesha tena hadithi ya Nu'man, na binti yangu alikuwapo upande wa wanawake. Jioni alikuja kuniamkia, akakaa, akaniuliza kwa adabu yake yote: "Baba, ile hadithi ya leo, ni ya watoto wa kiume peke yao?" Hakusema zaidi. Nami sikuwa na jawabu. Usiku ule sikulala. Sikuwa na fedha za kutosha kuwasawazisha wote kwa siku moja, lakini niliwaita wanangu wote, nikawaambia nimempa fulani kadhaa wa kadhaa, na kila mmoja wenu nitampa mfano wake kadiri Mungu atakavyonijaalia. Nikaandika, wakashuhudia watu wawili. Ilinichukua miaka 4 kumaliza. Kijana wangu mkubwa ndiye aliyenisaidia kuwapa dada zake, Mungu amlipe. Lau ningalikufa kabla ya suali lile, ningalikwenda na deni ambalo hakuna mahakama ya duniani ingalinidai.

LA KUFANYA

Basi, ndugu msomaji, ukitaka kumsaidia mwanao apate pa kukaa, yashike haya.

Kwanza, amua ni zawadi au ni deni, na ulitamke. Fedha zisizokuwa na jina leo zitapewa majina mawili kesho. Ikiwa ni deni, liandikwe, kama tulivyoamrishwa katika Sura ya Bakara. Na ukifa ni mali ya warithi wako wote, atalilipa.

Pili, ikiwa ni zawadi, itoke. Fedha zifike mkononi mwake. Nyumba iandikwe kwa jina lake, apewe funguo, na vyombo vyako vitoke ndani, kwani nyumba iliyojaa vyombo vya mtoaji haijakabidhiwa. Ukinunua nyumba kwa jina lako ukasema "ni ya mwanangu", hiyo ni ahadi tu.

Tatu, ifanye wakati una afya. Usingoje homa ndiyo uitwe ukarimu wako.

Nne, wapime watoto wako wote, na mabinti wasisahauliwe kwa kisingizio cha kwamba wana waume. Ikiwa mmoja ana haja zaidi, ni mgonjwa au ana mayatima, waeleze wenziwe ukiwa hai, wasije wakalijua jambo hilo mbele ya Kadhi.

Tano, usijivue nguo ukabaki uchi. Wewe na mama yao mna haki ya kukaa kwa heshima. Anayetaka kubaki ndani ya nyumba yake mpaka afe, na abaki, hana dhambi, na asiitoe. Aiache ikarithiwe kwa mafungu aliyoyapanga Mwenyezi Mungu, nayo ni bora kuliko zawadi ya mdomo.

Na wewe kijana unayesoma haya, baba yako akikwambia barazani "nyumba hii ni yako", mbusu mkono, mwombee dua, lakini usianze kujenga ghorofa ya juu kwa neno hilo. Mwambie kwa upole: "Baba, waite na ndugu zangu wasikie." Akiwaita, umepata nyumba na umepata ndugu. Asipowaita, umekosa nyumba ambayo haijakuwa yako bado, na ndugu zako hujawapoteza.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutoa kwa mikono yetu na nyoyo zetu tungali hai, atupe uadilifu baina ya watoto wetu, na asizifanye nyumba tulizowajengea kuwa sababu ya kufarikiana kwao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.